Risala ya Wanafunzi wa Uhifadhi wa Majengo kwa Mgeni Rasmi, Maonyesho ya Michoro ya Montacute

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walimu wetu,
Wageni waalikwa,

Sisi wanafunzi kutoka pwani ya Afrika Mashariki tunaosomea uhifadhi wa majengo hapa Uingereza tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu.

Michoro iliyo mbele yako ni ya nyumba moja tu, Montacute, mkoani Somerset. Mwenyewe alikuwa mwanasheria Edward Phelips, aliyeijenga mwishoni mwa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mawe yake ya rangi ya asali yalichimbwa jirani, Ham Hill.

Wageni walipokelewa upande wa mashariki. Huko madirisha ni makubwa, wakati kioo kilikuwa ghali mno, na juu, kwenye vidaka, wamesimama mashujaa tisa wa mawe waliovikwa kama askari wa Kirumi. Ghorofa ya juu kabisa ina ukumbi mrefu wa mita 52, ambamo wenyeji walinyoosha miguu siku za mvua. Uingereza nzima haukubaki mwingine wa aina hiyo unaoushinda kwa urefu.

Mheshimiwa, tulipokaa zaidi ni mbele ya lipu ya ukumbi mkubwa wa chini. Mafundi wameumba humo kisa cha mtaani: mume aliyeachiwa mtoto anajimiminia pombe, mkewe kamnyanyulia kiatu; pembeni, mwanamume kapandishwa juu ya boriti, anazungushwa kijijini kwa aibu. Ndani ya nyumba ya bwana mkubwa! Ukisogea karibu unaona nyuso zao moja moja.

Mwaka 1786 mrithi mmoja alinunua mawe ya Clifton Maybank, nyumba iliyokuwa ikibomolewa, akayajengea uso mpya magharibi. Nyuma yake akapata ujia. Awali ilibidi upite chumba cha mwenzio ili ufike chako. Tunaamini waliokuja baadaye walifanya haki kuuacha uso huo, kwa kuwa nao ni historia ya nyumba.

Kufikia 1931 Montacute ilikuwa sokoni, na iliwahi kuthaminiwa kwa bei ya vifusi, pauni 5,882. Mfadhili Ernest Cook alitoa fedha za kuinunua, ikaingia mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na mandhari ya kale, linaloitunza hadi leo.

Ombi letu ni moja. Nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar nazo ni za mawe na chokaa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unanaswa ukutani na chokaa inamomonyoka. Tunaomba utusaidie kupata nafasi, wakati wa likizo, za kufanya kazi chini ya waashi wanaojua kuchoma chokaa na kuipiga ukutani, tuondoke na ujuzi wa mikono, siyo wa vitabuni tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu utufungulie maonyesho.

Ahsante.