Nanga, Pweza naye hakupanda feri

Shika Adabu, Likoni
Jumatano usiku

Ndugu yangu Nanga,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, watoto, na hayo mahindi ambayo naona siku hizi ndiyo maafande wako. Sisi huku hatujambo, ila goti la kushoto linaniamrisha kuliko nilivyowahi kuamrishwa kambini. Barua hii atakuletea mpwa wangu, anapanda basi la Kitale kesho. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye kundi la simu ulitoka bila kuaga, na nikikupigia anapokea shemeji, ananiambia uko shambani. Saa tatu usiku! Unavuna kwa tochi?

Haya, habari. Tulikutana, sisi wastaafu wa Navy. Waliosema watakuja walikuwa kumi na wanne, tukawa kumi na mmoja, si haba kwa wazee wenye sukari na presha. Bosun alikuja na mkongojo, na bado anautumia kumwonyesha mtu pa kukaa. Baba Zawadi amenenepa mpaka fulana ya wanajeshi wastaafu imegoma kushuka kitovuni. Dira yuko vilevile, ubishi vilevile.

Ijumaa jioni tulianzia Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, kahawa chungu na kashata. Kijana mmoja anayetembeza watalii akatuuliza tulihudumu meli gani. Baba Zawadi akatunisha kifua, akasema, "Nyayo." Kijana akafurahi sana: "Ile feri ya Likoni? Kumbe mzee wewe ndiye uliyekuwa ukitufungulia lango!" Nanga, nilidhani Bosun atakata roho kwa kicheko. Manowari ya makombora, imetoka Uingereza mpya kabisa, sisi tukajipanga gatini kuipokea kama bibi harusi, leo imegeuka kuwa feri ya kuvusha watu na mikokoteni. Baba Zawadi alinuna hadi tukafika bustani ya Mama Ngina, pale ufukweni.

Huko Mama Ngina ungependa. Wamepatengeneza, kuna sehemu nzuri za kukaa, lakini mihogo ya kukaanga na pilipili ya kukausha machozi ingalipo. Tukajipanga tukitazama mlango wa Kilindini, na mzozo ukaanza. Dira anashikilia kwamba ukiingia kutoka bahari kuu boya jekundu linakuwa kushotoni kwako. Bosun anaapa ni kulia. Bosun, miaka yote ile baharini! Nusu saa nzima wanabishana, mpaka meli ya makontena ikaja ikaingia mbele ya macho yetu, ikaliacha boya jekundu kushoto, ikapita zake. Bosun akasema nahodha yule ni mgeni.

Sasa nikueleze hasa kilichonifanya niandike.

Jumamosi mchana wote walikuwa waje kwangu kula. Mama watoto alikuwa jikoni na pilau tangu alfajiri. Tukakutana upande wa kisiwani, tukaingia kwenye banda la kungojea feri, umati kama kawaida. Lango likafunguliwa, watu wakaanza kukimbia, na sisi wazee tukakimbia, kila mtu anacheka magoti ya mwenzake. Tulipotulia ndani Bosun akahesabu vichwa. Unamjua, hawezi kupanda chombo bila kuhesabu. Kumi. Akarudia. Kumi.

Pweza hayupo.

Nikampigia, simu imezimwa. Feri imeshang'oa. Nikajikuta nimekwenda ukingoni, natazama maji. Mtu mzima mimi, najua kabisa hakupanda, lakini natazama maji. Dira akanivuta kwa mkanda wa suruali bila kusema neno.

Alifika kwangu baada ya saa mbili na nusu, pilau imepoa, ameshuka kwenye teksi. Anasema alitaka kuiona barabara ya Dongo Kundu na yale madaraja, kila siku anasikia tu yakitajwa. Wakamcheka. Kulipa teksi mzunguko wote ule, kuikimbia feri ya bure! Nami nilicheka. Kisha mama watoto akaleta chai. Chupa yetu ni ile ya plastiki, nyekundu, ya siku nyingi. Akaiweka mbele ya Pweza ajimiminie. Pweza akaitazama, akainuka, akaenda nje, akasimama chini ya mwembe akiwa ametupa mgongo.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikajiona mjinga. Miaka yote hii chupa ile iko mezani kwangu na mimi sijawahi kuiunganisha na ile nyingine. Unaikumbuka, najua unaikumbuka. Siku ya pili ya kupiga mbizi, ilipozama ile feri ya Mtongwe, wewe ndiye uliyepanda nayo juu. Maji yalikuwa tope tupu, mikono ndiyo macho, na wewe ukaibuka na chupa ya chai, kifuniko kimekazwa, imejaa. Mtu alijifungashia chai ya kazini. Ukampa Pweza pale botini, naye akaishika, hakujua aiweke wapi. Aliishika mpaka jioni.

Usiku wenzake walipolala nilimfuata nje. Akaniambia tangu tarehe 29 Aprili 1994 hajakanyaga feri hata mara moja. Alipokuwa bado kazini Mtongwe alikuwa akivuka kwa boti ya kambi tu, na siku boti haipo anabadilishana zamu na mtu. Na alipostaafu akaenda kuishi Kisauni, basi, ng'ambo hii akaifuta. Dada yake alipofariki Msambweni, barabara hii mpya haijawa, alizunguka Mariakani, Kinango, Kwale, akafika kaburi limeshafukiwa. Watu wa kwao aliwaambia gari liliharibika njiani. Akaniuliza, "Nanga naye ni mahindi kweli?"

Nikasema ni mahindi. Nanga, nilikuwa nimeshawaambia wote tangu Ijumaa: ni msimu, ana vibarua, hawezi kuacha shamba. Nilikudanganyia vizuri mpaka Bosun akasema angalau mmoja wetu amekuwa mtu wa maana. Lakini kumdanganya Pweza pale chini ya mwembe kulinikaa vibaya kooni. Alinitazama tu. Nadhani hakuniamini.

Kwa sababu mimi sijasahau 2019, lile gari lilipoteleza kutoka kwenye feri likazama na waliokuwamo. Ulinipigia saa nane za usiku. Hukusema lolote la maana, uliniuliza kina, uliniuliza mkondo uko vipi wakati huo wa mwezi, uliniuliza kama vijana wana taa za kutosha. Siku kumi na tatu walitafuta, na siku zote hizo ulinipigia. Siku walipowatoa hukupiga. Nikaona ni bora nisikuulize. Labda nilikosea hapo.

Na mimi nisijifanye mwamba. Navuka kila wiki, wakati mwingine kila siku, nisipovuka sili. Lakini nasimama katikati daima, kamwe si karibu na mlango, na macho yangu yanahesabu maboya ya kujiokolea kabla sijajua kuwa yanahesabu. Mama watoto hajui. Anadhani napenda kivuli. Watu 272, ile nambari niliisikia redioni kama Wakenya wengine. Sisi watatu tuna nambari yetu nyingine, na sijawahi kukuuliza yako ni ngapi, wala sikuulizi sasa.

Ninachotaka ni hiki. Tarehe 12 Desemba watu watakuwa na sherehe zao za Jamhuri, na sisi tunajua Navy nayo ilizaliwa mwezi huohuo, Desemba 1964. Pweza atakuja kwangu. Si kundi zima, hapana, Bosun na mkongojo wake abaki kwao. Sisi watatu tu. Na sikiliza njia, nimeipima kama ramani ya Dira: kutoka Kitale unashuka Nairobi, unapanda treni ya Madaraka, unateremka Miritini. Barabara ya Dongo Kundu inaanzia papo hapo Miritini. Nitakuwa nje ya stesheni na gari la shemeji yangu. Tunavuka daraja la Mwache, tunavuka la Mteza, tunatokea Kibundani, tumefika Likoni kwa nyuma. Kisiwani huingii, feri huioni. Maji yatakuwa chini, hilo sikufichi, lakini yako chini sana na daraja halitikisiki. Pweza anasema alifumba macho Mteza tu, Mwache alitazama. Ukitaka kufumba yote mawili, nitaendesha polepole.

Chupa ya chai nimeiondoa mezani. Nimempa mama watoto hela akanunue nyingine, akaniuliza hii ina ubaya gani, nikasema inavuja. Haivuji. Iko stoo, sikuweza kuitupa. Sijui kwa nini nakuandikia haya.

Enhe, na je, shemeji anajua? Nikimpigia tena nimwambie au ninyamaze? Na Pweza, unaniruhusu nimwambie kwamba si mahindi, au utamwambia mwenyewe? Namba yake ni ileile, anaisubiri simu yako ingawa hakuniomba niseme. Unalala? Bado unaamka saa zile? Ile miwani yako ya kupigia mbizi unayo, au ulishaitupa mtoni? Yule kijana wako wa mwisho alimaliza chuo? Mahindi umeuza au bado unangoja bei ipande kama kila mwaka mpaka wadudu wakusaidie kula?

Na fulana yako ninayo. Tulichanga, kila mtu na yake, mgongoni imeandikwa jina lako la utani. Nilikuchukulia kubwa nikikumbuka mwili wako wa zamani. Bado unao, au nikambadilishie Baba Zawadi?

Ni mimi,
Kasa