Joto la Januari na chungwa la Buguruni

Mhariri,

Ile habari yenu iliyosema Dar es Salaam tunaungua Januari kwa sababu Dunia imelikaribia Jua niliisoma nikanyamaza. Nimezoea kuwanyamazia. Lakini juzi mjukuu wangu kaja na daftari la jiografia, kaandika vilevile, kapigiwa vema. Nikaenda shuleni. Mwalimu, kijana mwenye adabu zake, akafungua droo akanitolea gazeti lenu!

Ni kweli mwanzoni mwa Januari Dunia huwa karibu zaidi na Jua, kama kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, milioni 152. Lakini kama hiyo ndiyo iletayo joto, mbona Januari hiyohiyo watu wa London na Chicago wanatetemeka kwa baridi? Wao wana Jua lao? Majira yanatokana na mhimili wa Dunia kuinama, nyuzi 23 na nusu hivi, nao hubaki umeelekea upande uleule mwaka mzima. Desemba kusini ndiko kunakolielekea Jua, Juni ni zamu ya kaskazini. Sisi tulio karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, na ukanda wa mvua hulifuata: ndiyo masika yetu, ndiyo vuli. Hata upepo hugeuka, kaskazi ikaondoka, kusi ikashika. Manahodha wa majahazi walipanga safari zao kwa hesabu hiyo kabla hamjawa na dawati la habari.

Na kwa kuwa tumefika kwenye masika: Jua huvuka Ikweta tarehe 20 au 21 Machi, kila mwaka. Mtaani kwetu mtaro huanza kuchimbwa Aprili, maji yako magotini, na mkubwa mmoja huja na mabuti mapya kutuambia mvua imetushtukiza. Nanyi mnaandika hivyohivyo, bila hata kumuuliza kama ana kalenda.

Nunueni chungwa moja sokoni Buguruni, mlichome kijiti cha mshikaki katikati, muwashe taa juu ya meza. Mwandishi wa ile habari aizunguke taa na chungwa lake, kijiti kimeinama, ncha ikielekea dirisha lilelile muda wote. Asipoelewa, azunguke tena. Na asilile mpaka masahihisho yachapwe ukurasa uleule wa mbele, si kule kwenye matangazo ya viwanja.

Msomaji wa siku nyingi,
Mbagala, Dar es Salaam