"By" na "until" zinatutesa huku Mwaloni

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Mimi huwa nawaandikia barua za Kiingereza wafanyabiashara wa dagaa hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wale wenye wateja wa Zambia na kwingine.

Juzi kati kaja mama mmoja, barua yake alishachapiwa steshenari na ikatumwa, inasema dagaa atapeleka "until Friday". Mwenyewe alitaka kusema Ijumaa mzigo uwe umeshafika, ila ukiandika "until Friday" maana yake unapeleka leo, kesho, keshokutwa, unaendelea tu ikifika Ijumaa ndo unaacha. Alichotaka ni "by Friday". Mnunuzi akapiga simu anauliza sasa kila siku yanakuja magunia mangapi? Mpaka tumerekebisha siku 2 zimeisha, na mvua hizi dagaa akilala stoo anavuta unyevu, anaanza kunuka, hasara ya nani hio?

Simlaumu sana yule kijana aliyechapa. Kwetu "mpaka" inabeba zote mbili, mtu anakwambia mpaka Ijumaa ntakuwa nimekulipa, mwingine anasema nipo Mwanza mpaka Ijumaa, na wote tunawaelewa. Kiingereza kimezigawa.

"Should" nayo hivohivo. Sisi tukisema unatakiwa ulipe kabla ya kupakia tunamaanisha hulipi hupakii, sasa mtu anaandika "you should pay" na mwenzake anaisoma kama ushauri tu. Kwenye makubaliano ya hela weka "must", au "shall" kama wanavyoandika wanasheria. Halafu hii "kindly revert" ya maofisini, kwa Waingereza "revert" ni kurudi kwenye hali ya zamani, hio ya kujibu barua imezoeleka zaidi India, sasa kwenye barua inayoongelea bei mpya na ya zamani mtu atajuaje unataka majibu au unataka bei irudi ilipokuwa? Andika "please reply", basi.

Ombi langu mtupe hata kakona kadogo kila wiki, maneno mawili yanayofanana na mfano wa barua, tutakata tubandike ukutani. Na nyie vijana wa steshenari, kabla hamjachapa muulizeni mteja kwa Kiswahili anataka nini hasa. Barua ya yule mama tumeiandika upya, "by Friday", na tarehe ya hiyo Ijumaa tumeiandika pembeni yake.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza