Jumamosi: Nyama ya Kibrazili, Addison

Habari za jioni ndugu zangu wa Dallas. Tunakutana mgahawa wa Fogo de Chão wa Addison, Jumamosi saa 12 jioni. Saa 12 kweli, siyo ya harusi zetu.

Kwa wasiowahi kufika: unalipa bei moja, unakula hadi ushindwe. Mezani utapewa kijiduara cha karatasi. Ukigeuza upande wa kijani, wahudumu wanakuja na nyama kwenye vyuma virefu na kukukatia hapo hapo. Upande mwekundu ni wa kupumzika. Tafadhali msijaze tumbo kwa vile vimikate vya jibini (vitamu mno, ni vya unga wa muhogo) wala kwa kuku. Subirini picanha, ile nyama ya ng'ombe yenye ukanda wa mafuta juu. Nyingi huja na wekundu ndani, kwa hiyo mnaopenda iliyoiva sawasawa ombeni kipande cha nje.

Waislamu: linguiça ni soseji ya nguruwe, na maharage meusi ya feijoada nayo yana nguruwe. Ng'ombe na kuku msidhani ni halali, tuulize kwanza. Asiyekula nyama anaweza kulipia meza ya saladi peke yake.

Vinywaji, vitindamlo, kodi na bahshishi haviko ndani ya bei hiyo. Na kufungasha hakuruhusiwi, mama zangu, mifuko ibaki nyumbani!

Andikeni majina hapa kabla ya Alhamisi usiku, na idadi ya watoto. Nahifadhi meza Ijumaa asubuhi.