Kwa Nini Tunakuomba Ulete Tope la Mto Pamoja na Maji

Wateja wengi huleta maabarani kwetu chupa ya maji peke yake, na majibu yakiwa mazuri huondoka wakiamini kwamba mto wao ni salama. Sisi huomba tope pia, kwa sababu metali kama risasi, kadimiamu, shaba na zebaki zinapoingia mtoni hujishikiza kwenye chembe laini za udongo na masalia ya mimea, kisha hutuama chini, ambako zaweza kubaki miongo kadhaa baada ya kiwanda au mgodi uliozimwaga kufungwa.

Tope hilo hukaushwa na kuchekechwa ili zibaki chembe zisizozidi mikromita 63 (milimita 0.063), ambazo ndizo hubeba sehemu kubwa ya metali, na kiasi kinachopatikana hulinganishwa na kiwango cha asili cha eneo husika, kwa kuwa hakuna udongo usio na metali kabisa. Baada ya hapo tunatumia kipimo cha hatari ya kiikolojia kilichopendekezwa na Lars Håkanson wa Uswidi mwaka 1980, ambacho huipa kila metali uzito kulingana na sumu yake: zebaki 40, kadimiamu 30, aseniki 10, risasi na shaba 5, kromiamu 2 na zinki 1. Uzito huo huzidishwa kwa idadi ya mara ambazo metali imezidi kiwango chake cha asili. Ndiyo maana kadimiamu iliyozidi asili mara 3 hupata alama 90, ambazo ni hatari ya kutiliwa maanani, ilhali zinki iliyo mara 10 hupata alama 10 tu.

Hata hivyo, alama hizo hazitoshi, na hapa ndipo tunapowasihi wateja wasiwe na haraka. Katika tope lisilo na oksijeni, metali nyingi hufungwa na salfaidi (misombo ya salfa) na hazidhuru sana. Lakini mto ukichimbwa mchanga au kuongezwa kina, oksijeni huvunja kifungo hicho na sumu hurudi majini. Zebaki nayo hugeuzwa na bakteria wa topeni kuwa zebaki ya methili, ambayo huongezeka mwilini kadiri kiumbe mmoja anavyomla mwingine, hadi kwa samaki wakubwa na watu wanaowala.

Kwa hiyo, ikiwa unapanga kuchimba, tuletee sampuli kabla mitambo haijaingia mtoni. Chota tope la juu, lisilozidi sentimita 5, kwa kijiko cha plastiki, upande wa juu na wa chini wa eneo unalolishuku, na ulihifadhi mahali penye baridi hadi litufikie.