Mkataba ukutani tunauona, matokeo yako wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye ofisi moja ya serikali (jina naliacha, sitaki mtu ahamishwe kwa ajili yangu) nafuatilia cheti, na juu ya kichwa cha dada wa kaunta kumetundikwa ule Mkataba wa Huduma kwa Mteja, una fremu na kioo kabisa, cheti siku 14, malalamiko siku 7. Mimi siku hiyo ndo ilikuwa ya 41. Nikamuuliza yule dada, bila ugomvi, hivi mwezi jana wangapi walipata ndani ya hizo 14? Akacheka. "Kaka, hiyo labda uangalie kwenye tovuti."

Nikaangalia. Ripoti ya mwisho ni ya miaka mitatu nyuma, PDF imeskaniwa imelala ubavu, nusu ya kurasa ni wakubwa wanakata utepe, halafu kwenye jedwali la utendaji wameandika maombi "yameshughulikiwa" asilimia 96. Kushughulikiwa ndo nini sasa? Kupokelewa? Kugongwa muhuri? Basi na langu limeshughulikiwa, si liko kwenye faili.

Ninachoomba ni kidogo tu. Pale pale pembeni ya hiyo ahadi ya ukutani wabandike na matokeo ya mwezi uliopita, maombi mangapi yaliingia, mangapi yalitoka ndani ya muda, mangapi bado yamelala na yamelala tangu lini, na hivyo hivyo kwenye tovuti, kwenye jedwali ambalo mtu anaweza kulifungua akapiga hesabu mwenyewe sio picha ya karatasi. Tena kwa kila tawi, maana ukichanganya matawi yote tawi bovu linajificha nyuma ya zuri. Na wastani peke yake msituletee, wenye bahati wakipata kwa siku 2 wanamfunika yule aliyesota miezi 8.

Jibu tunalopewa siku zote ni kwamba takwimu bado zinahakikiwa. Sawa, zitoeni mkiandika ni za awali, mkikosea mtarekebisha. Pato la taifa lenyewe nchi nyingi wanatoa makadirio ya kwanza halafu wanayarudia baadaye, na maisha yanaendelea. Namba ikija baada ya miaka mitatu mkuu wa ofisi ameshahama, bajeti imeshapita, wa kumuuliza hayupo.

Uganda wana mfano ambao mimi naupenda sana. Utafiti wa miaka ya 90 ulikuta kwamba kati ya 1991 na 1995, ile ruzuku ya shule za msingi, kilichokuwa kinafika shuleni ni kama asilimia 13 tu kwa wastani, nyingine inaishia njiani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kila mwezi pesa iliyotumwa wilayani, na shule nazo zikatakiwa kubandika kilichowafikia. Baada ya miaka michache kiwango kikapanda kupita asilimia 80. Wachumi wanabishana mpaka leo kama ni gazeti peke yake au na mageuzi mengine ya wakati ule, wabishane, ila mimi ninachokiona pale ni ule mwezi, yaani mzazi anamfuata mwalimu mkuu kuuliza pesa ambayo bado ina joto, sio ya enzi za mwalimu mkuu aliyestaafu.

Kuna watakaosema namba zikitangazwa watu watazichezea. Ni kweli, sikatai. Uingereza waliweka kanuni kwamba mgonjwa wa dharura asizidi saa 4 kabla hajalazwa, kuhamishwa au kuruhusiwa, na ikaonekana wengi wanaondolewa dakika za mwisho mwisho kabla ya saa ya 4 kugonga. Lakini huo mchezo ulijulikanaje? Si kwa sababu muda wa kila mgonjwa ulikuwa unaandikwa na watu wa nje wakaweza kuuchambua! Tungepewa ile asilimia moja tu ya mwisho hakuna ambaye angeshtuka.

Tusiambiane pia kwamba anayetaka aandike barua ya kuomba taarifa. Sheria ya India ya 2005 inampa mwananchi haki ya kuomba na ofisi ina siku 30 za kujibu, ila kifungu cha 4 cha sheria hiyo hiyo kinazitaka ofisi zitoe taarifa zenyewe bila kuombwa ili watu wasihangaike na maombi. Wameona mbali, maana nikae siku 30 kusubiri kuambiwa kwa nini nasubiri?

Cheti nilikipata siku ya 53. Yule dada akanisogezea kitabu cha kusaini, safu moja tarehe ombi lilipoingia, inayofuata tarehe ya kukabidhi, zimejazwa kwa mkono safi kabisa, jina la kila mtu, kitabu kizima. Nikafunua kurasa mbili tatu nyuma kabla hajakivuta. Kutoa tu hapo, tarehe kwa tarehe, mtu mwenye kalkuleta anamaliza kabla ya chai.

Msomaji wako wa siku zote