Chapisheni vipimo vya chumvi na sukari, si idadi ya vifo pekee

Mhariri,

Kipindupindu kinapozuka hapa Nairobi, husemwa kuwa watu wa karne zilizopita walikufa kwa kukosa dawa. Ukweli unaniuma zaidi: dawa, yaani maji ya chumvi, iligunduliwa mapema, ikatupwa.

Mwaka 1831 daktari William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu nchini Uingereza, akakuta imepungukiwa maji na chumvi. Mwaka 1832, mjini Leith, Uskoti, daktari Thomas Latta alimtilia bibi kizee mahututi maji ya chumvi kwenye mshipa wa mkono, takriban lita 3.4 kwa nusu saa. Mapigo yakarudi, mwili ukapata joto. Latta akaenda zake. Bibi akazidi kuhara, hakuongezewa maji, akafa baada ya saa chache.

Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza hata lita nzima kwa saa, kwa hiyo kumjaza mara moja hakutoshi. Tena mchanganyiko wa Latta ulikuwa na kama theluthi tu ya chumvi ya dripu ya leo, na kwa kuwa vijidudu vilikuwa havijajulikana bado, maji hayakutakaswa. Madaktari wengine waliujaribu kwa waliokuwa wanakata roho, wengi wakafa, njia ikaachwa. Wakarudia kutoa damu na kunywesha kalomeli, dawa ya zebaki inayoharisha. Mtu amekaukiwa, nao wanamkausha zaidi!

Mwaka 1971, dripu zilipokuwa haba kwenye kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye glukosi (aina ya sukari) gramu 22, chumvi gramu 3.5 na bikaboneti (soda ya kuokea) gramu 2.5 kwa lita. Vifo vikashuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Sukari ndiyo inayoipitisha chumvi kwenye ukuta wa utumbo, na maji huifuata chumvi.

Naomba basi kila habari ya kipindupindu iambatane na vipimo vifuatavyo. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) ikikosekana: maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko, vyote vya kufuta, si vya kurundika. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Sukari ikizidi, kuhara huongezeka. Mgonjwa akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mpeni kidogo kidogo. Maji yaliyochanganywa yakipita saa 24 yamwagwe. Asiyeweza kunywa anahitaji dripu, akimbizwe hospitali mara moja.

Mhudumu wa afya,
Nairobi